Mkono Unaopanda Utosini

Katika wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, kama katika sehemu nyingi za Usukuma, nywele zilizotoka kichwani haziachwi ovyo. Anayenyolewa huzikusanya akazichoma au akazifukia, kwa kuchelea kuwa zikiangukia mikononi mwa hasidi zitatumiwa kumdhuru. Na mwanamke anayesukwa barazani kwa jirani hupenda kuhakikisha kabla ya kuinuka mkekani kuwa mabaki ya nywele zake yameokotwa yote. Kwa hiyo mzazi aingiapo asubuhi chumbani mwa binti yake akaona kifungu cha nywele chini ya mto, na utosini mwa mtoto pana pengo la ukubwa wa kiganja ambalo mwezi uliopita halikuwapo, hofu inayomshika ina mizizi mirefu, na hukumu atakayoitoa aghalabu huwa moja kati ya mbili. Ama atasema kuwa mtoto amenyolewa usiku na wachawi, na safari ya kwa mganga itaanza kabla ya jua kutua; ama, akimfumania siku nyingine mkono uko kichwani na nywele zimo vidoleni, atasema kuwa mtoto ni mkaidi anayejiharibu kwa makusudi, na fimbo itashikwa. Hukumu ya kwanza yasema mtoto ametendwa na wengine, ya pili yasema ametenda kwa hiari yake. Na kati ya hizo mbili hapakuachwa nafasi ya kufikiri kuwa yamkini mkono wa mtu ukatenda jambo ambalo nafsi yake haikuliamuru na haiwezi kulizuia kwa azma peke yake. Nafasi hiyo ndiyo nitakayo kuieleza, kwa sababu ndani yake wamo watu wengi kuliko tunavyodhani, na wengi wao hawajapata kumwambia mtu yeyote.

Matabibu waliowachunguza wenye maradhi haya ya kujing'oa nywele wameona kuwa mkono hupanda kichwani kwa njia mbili. Njia ya kwanza haina nia: msichana amekaa chini ya mwarobaini anasoma daftari lake la historia, au mama ameketi jioni akisikiliza redio, fikira ziko mbali, na vidole vinatembea utosini vikipapasa unywele mmoja baada ya mwingine, vikichagua ulio mgumu au uliojikunja kuliko wenzake, vikiuvuta, vikirudi kutafuta mwingine, na mwenyewe hazinduki mpaka aonapo rundo dogo mapajani mwake. Njia ya pili ni ya kujua: moyo umejaa ghadhabu, au hofu ya mtihani, au upweke, na ndani yake hupanda msukumo unaozidi kukaza kadiri unavyozuiliwa, hata mtu ajitenge chooni au chumbani, ang'oe, na apate papo hapo nafuu ambayo kitu kingine hakikumpa siku nzima. Wengi wana njia zote mbili kwa nyakati mbalimbali. Nafuu ikishapita huja majuto, na majuto huzaa huzuni, na huzuni ikiwa ni mojawapo ya mambo yaupandishao mkono, mzunguko huanza upya. Wasioyajua maradhi haya huuliza mtu awezaje kuvumilia uchungu wa kung'oa nywele mia kwa kikao kimoja, na jawabu la wagonjwa wengi huwastaajabisha: uchungu hawauoni, au wakiuona huuona kuwa ni sehemu ya raha yenyewe.

Nywele za kichwani ndizo zitajwazo zaidi, lakini nyusi, kope, ndevu na malaika ya mikono hayasalimiki. Yapo pia maradhi ya jamii moja na haya: kuchokonoa ngozi na kubandua vigaga kila vinapoanza kukauka, hata kidonda cha siku tatu kikawa cha miezi mitatu, kutumbua chunusi mbele ya kioo kwa saa nzima, kung'ata kucha mpaka nyama ya kidole ikatoa damu, kutafuna mashavu kwa ndani. Hakuna binadamu asiyewahi kufanya kidogo katika hayo, na kidogo hicho si ugonjwa. Huwa ugonjwa pale mtu anapopata dhara la mwili lililo bayana, akajaribu kuacha mara nyingi asiweze, na jambo lenyewe likamtia huzuni au likamzuia asiende shule, sokoni, kanisani, msikitini au arusini.

Umri wa kuanza kwa wengi ni baina ya miaka kumi na kumi na mitatu, wakati mwili unapobadilika. Watoto wachanga na wa miaka miwili mitatu nao hujivuta nywele, hasa wanapotafuta usingizi, lakini hao aghalabu huacha wenyewe bila tiba. Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 10,169, wakakuta asilimia 1.7 wana maradhi ya kung'oa nywele, na wanaume kwa wanawake walikaribiana sana kwa hesabu, ijapokuwa kliniki zilikuwa zimezoea kupokea wanawake wengi kuliko wanaume. Wilaya ya Kishapu ilihesabiwa katika sensa ya mwaka 2012 kuwa na watu zaidi ya 270,000. Sidai kuwa uwiano wa Marekani ni uwiano wa miji yetu ya Mhunze na Maganzo. Lakini tukiupunguza hata ukawa robo yake, bado watu zaidi ya elfu moja wa wilaya hii moja wangekuwa wanaficha vichwa vyao kwa vilemba, kofia na kanga, kila mmoja akiamini kuwa duniani hakuna mwingine kama yeye.

Jambo lenyewe ni kongwe. Katika maandiko ya uganga wa Wayunani yanayohusishwa na Hippocrates imo habari ya mwanamke wa kisiwa cha Thasos aliyeingia ugonjwa kwa sababu ya majonzi, akawa amejifunika, hasemi, anapapasa, anajikuna na kujinyonyoa nywele. Jina linalotumika leo, trikotilomania, lilitolewa mwaka 1889 na François Henri Hallopeau, tabibu wa ngozi wa Paris, alipoandika habari za kijana wa kiume aliyekuwa akijing'oa nywele kwa vifungu. Tangu siku hiyo ilipita karibu karne nzima kabla ya chama cha madaktari wa akili wa Marekani kuyaingiza maradhi haya katika orodha yao, mwaka 1987, wakayaweka pamoja na wizi wa kichaa na uchomaji wa moto, yaani katika fungu la watu washindwao kuzuia tamaa zao. Mwaka 2013 waliyahamisha wakayaweka jirani na maradhi ya waswasi, na orodha mpya ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, imeyapa pamoja na kuchokonoa ngozi fungu lao wenyewe. Naona uhamisho huo una maana kubwa kwa mgonjwa kuliko kwa mwenye kuandika vitabu, kwa kuwa si jambo dogo kuondolewa katika safu ya wezi.

Hata hivyo ujirani na waswasi una mipaka yake. Waswasi ulielezwa kwa makini zaidi ya miaka elfu moja iliyopita na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, katika kitabu chake juu ya maslahi ya miili na nafsi, na mojawapo ya nasaha zake kwa mwenye kusumbuliwa nao ilikuwa kuepuka upweke. Mwenye waswasi huosha mikono mara arubaini kwa sababu wazo la najisi limemng'ang'ania. Mwenye kung'oa nywele mara nyingi hana wazo lolote la kutisha, bali ana vidole vinavyotafuta kitu na ngozi inayoitika. Lakini nasaha ya al-Balkhi yawafaa wote wawili, kwa maana mkono huu hupanda zaidi mtu awapo peke yake.

Kuhusu asili yake, yaliyo dhahiri ni machache, na yana faida kuyajua. Maradhi haya huonekana katika koo: pacha wa mimba moja iliyogawanyika hulingana katika jambo hili kuliko pacha wa mimba mbili, na ndugu wa mgonjwa wako katika hatari kupita watu wengine. Mwaka 2002 Joy Greer na Mario Capecchi wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza habari za panya waliozaliwa na hitilafu katika jeni moja, ambao walijilamba na kujinyonyoa kupita kiasi hata wakabaki na madoa ya upara na vidonda, na wakawafanyia vivyo hivyo panya wenzao waliokuwa wazima. Kasuku aliyefungiwa tunduni peke yake, bila mwenzi wala kazi, naye hujinyonyoa manyoya ya kifua mpaka ngozi ikaonekana. Panya hawana ukaidi, na kasuku hajarogwa na mtu. Kujisafisha ni kazi ambayo viumbe wengi wamepewa, na mitambo ya ubongo inayoiendesha yaweza kukosa breki. Uchovu wa kukaa bure, wasiwasi, kukosa usingizi na msiba huongeza nguvu ya msukumo, ingawa si lazima pawepo msiba: yuko mtoto wa nyumba tulivu, apendwaye na wazazi wake, anayeshika nafasi ya kwanza darasani, na bado mkono unapanda. Hili nalisema kwa ajili ya akina mama wanaojitafutia hatia usiku.

Mazingira ya kwetu huyaficha maradhi haya kwa namna ambayo vitabu vya ng'ambo havikuiwazia. Katika shule zetu nyingi, hasa za msingi, wasichana kwa wavulana huamriwa kunyoa au kukata nywele zikawa fupi kabisa, na unywele mfupi sana haushikiki kwa vidole. Miaka ileile ambayo maradhi huanza ndiyo miaka ambayo mtoto hana nywele za kung'oa. Basi mkono huhamia kwenye nyusi na kope, au kwenye vigaga vya magoti, au kwenye kucha, na mwalimu anayemwona mwanafunzi hana kope hupita bila kuuliza. Kisha msichana humaliza shule, nywele hukua, na jamaa zake husema ugonjwa umeanza ukubwani. Atakayeugundua kwanza si daktari. Ni msusi wa Maganzo au wa Mhunze, anayepitisha kitana akakuta katikati ya kichwa nywele za urefu mbalimbali, nyingine zimekatika, nyingine ndiyo kwanza zinachomoza. Na kwa kuwa wasusi wetu huzungumza mengi na wateja wengine husikia, mwenye maradhi haya akishaulizwa swali moja kwa sauti kubwa huondoka na harudi saluni. Msusi mwenye hekima huinamisha kichwa chake karibu, akasema polepole, "Dada, hapa katikati nitakusukia kwa kulaza ili pasionekane, ukipenda kuniambia neno, nipo." Sitara ya namna hiyo imewafikisha watu kwenye tiba.

Si kila pengo la kichwani ni la kung'oa, na haki ya mtoto ni kuangaliwa vizuri kabla ya kuambiwa lolote. Mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi, ndiyo sababu iliyoenea zaidi kwa watoto wetu: hayo huleta magamba, huwasha, huambukiza ndugu walalao kitanda kimoja, na hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Nywele zilizokazwa mno kwa kusukwa huondoka kwanza ukingoni mwa paji na juu ya masikio. Upo pia ugonjwa ambao kinga ya mwili huzishambulia nywele zake yenyewe, na huo aghalabu huacha duara laini, tupu. Pengo la kung'oa halina magamba, mipaka yake haikunyooka, na ukipitisha kiganja utahisi visiki vya urefu usiolingana. Maofisa tabibu waliosomea ngozi katika kituo cha Moshi kilichofunguliwa mwaka 1992 penye hospitali ya KCMC wamefundishwa kutofautisha maradhi ya ngozi na nywele kwa macho na vidole, na wengi wao hurudi kufanya kazi katika wilaya. Ole wake mtoto anayepewa dawa ya mapunye mwaka mzima kwa pengo ambalo si la mapunye. Kila kidonge kisichosaidia humthibitishia bibi yake kuwa mambo haya si ya hospitali.

Nami siwezi kuandika habari za Shinyanga nikapita juu ya uchawi kama asiyeujua. Mkoa huu, pamoja na majirani zake wa kanda ya Ziwa, umeona wanawake wazee wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi wa kuni na samadi kavu jikoni. Na tangu mwaka 2007 kanda hii ilitajwa duniani kwa mauaji ya watu wenye ulemavu wa ngozi, yaani ualbino, ambao viungo vyao, na hata nywele zao, vilisemwa kuwa vyavuta utajiri wa madini na samaki. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Katika nchi yenye kumbukumbu kama hizo, kusema kuwa fulani amenyolewa usiku si maneno matupu: hutafutwa aliyemnyoa, na anayetafutwa aghalabu ni mtu aliye karibu na dhaifu, shangazi mjane, mama mkwe, bibi wa nyumba ya tatu. Mtoto mwenyewe anajua kuwa nywele amezing'oa yeye. Anasikia jina la bibi likitajwa, anataka kusema, na kusema kwake ni kukiri jambo ambalo kwa mawazo yake ni la wazimu; akinyamaza mwingine anaumia, akisema atapigwa au atachekwa. Sijui mzigo mzito kuliko huo kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Kwa hiyo mzazi anayeingiwa na hofu hiyo namsihi afanye moja tu kabla ya kwenda kwa bafumu, kama Wasukuma wanavyowaita waganga wao: akae na mtoto faraghani, bila fimbo wala mashahidi, amwambie kuwa wapo watu ambao mikono yao hung'oa nywele wasipotaka, na kuwa yeye hatakasirika hata kama ndivyo ilivyo. Kisha anyamaze, asubiri.

Hatari ya mwili iliyo kubwa kabisa ni ya wale wanaomeza nywele walizong'oa. Wengine huzipitisha midomoni, huuma kile kijishina cheupe, na baadhi humeza. Na nywele hazimeng'enywi na tumbo la binadamu. Miezi na miaka ikipita hujikusanya zikawa bonge linaloweza kujaza tumbo zima, na mkia wake ukashuka matumboni. Mtoto hushiba kwa tonge mbili, hukonda, hutapika, hulalamika chango, na akipapaswa juu ya kitovu panakuwa pagumu; bonge kama hilo aghalabu halitoki ila kwa upasuaji. Anayekula nywele apimwe damu pia, kwa kuwa kula visivyoliwa, kama udongo unaopendwa na waja wazito wengi, huambatana mara nyingi na upungufu wa madini ya chuma.

Tiba yenye ushahidi mwingi zaidi ni ya kufunza mkono, na haidai chombo kinachokosekana Kishapu. Mwaka 1973 Nathan Azrin na Gregory Nunn, wataalamu wawili wa Marekani, walichapisha utaratibu wa kugeuza tabia, ambao wenzao wameuongeza na kuurekebisha mpaka leo. Kwanza mtu hujifunza kuujua mkono wake: kwa wiki mbili tatu huandika katika kijidaftari saa, mahali, alikuwa akifanya nini, moyo ulikuwaje, mkono gani ulipanda, ulianzia wapi. Wengi hustaajabu wakisoma walichoandika, kwa maana hudhani wanang'oa wakati wote, kumbe ni saa mbili za jioni penye kiti kilekile, au ni kila wanapofungua kitabu. Kisha hujifunza tendo la kupingana: mara tu mkono unapoanza safari, kabla haujafika, huukunja ngumi akaubana ubavuni au pajani kwa dakika moja hadi tatu, au akashika kitu kwa nguvu, mpaka wimbi la msukumo lipande na kushuka lenyewe. Hapo ndipo mgonjwa anapojifunza jambo ambalo hajawahi kulishuhudia, kuwa wimbi hushuka hata lisipotiiwa.

Sehemu ya tatu ni kubadili mahali na vitu, na hapa kila mtu hutumia vya kwao. Kucha hukatwa fupi. Kibanzi cha kioo kinachomwita mtu kuchungulia nyusi huondolewa chumbani. Kichwa hufungwa kanga usiku. Vidole viwili vinavyofanya kazi hiyo hubandikwa plasta wakati wa kusoma. Na mikono hupewa shughuli. Katika msimu wa pamba, familia ikiketi kutenga pamba safi na fifi, wapo watakaoona kuwa saa zile za jioni zilizokuwa za hatari zimepita salama; baada ya msimu zipo karanga za kubambua, mahindi ya kupukuchua, kamba ya kusokota, tasbihi au rozari kwa mwenye kusali. Katika machimbo ya Geita mchimbaji mdogo anayekaa mdomoni mwa shimo akingoja zamu yake, anayejinyonyoa ndevu au kung'ata kucha kwa kungoja, afaa kuwa na kipande cha kamba mfukoni; tena yeye ana sababu moja zaidi, kwa kuwa zebaki inayokamatia dhahabu ni sumu ya mishipa ya fahamu, na mkono ulioikanda haupaswi kufika kinywani wala kwenye kidonda.

Dawa za kumeza nitazipitia haraka, kwa kuwa habari zake ni fupi. Mwaka 2009 uchunguzi wa watu wazima 50 ulionyesha kuwa asetilisisteini, dawa ambayo hospitalini hutumiwa kulainisha makohozi na kuokoa ini la aliyekunywa parasetamoli kupita kiasi, iliwapunguzia kung'oa asilimia 56 ya walioipata, dhidi ya asilimia 16 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa; lakini uchunguzi wa mwaka 2013 kwa watoto haukuona tofauti. Dawa za kawaida za sonona hazijaonyesha nguvu juu ya kung'oa kwenyewe, ijapokuwa zaweza kumsaidia mtu aliyeingiwa na sonona pamoja nayo. Hakuna dawa ya dukani ambayo mzazi anapaswa kuinunua kwa kubahatisha.

Watu wa nyumbani ndio wanaoamua, kuliko dawa, kama jitihada hizi zitadumu. Kosa la wapendao ni ulinzi: "Toa mkono!" kwa sauti, mara ishirini kwa siku, mbele ya wageni. Mtoto huutoa, naye akajifunza kwenda kung'oa mahali asipoonekana, na ule upweke ambao al-Balkhi alionya juu yake unakuwa ndio makazi yake. Mwafaka ni kupatana naye mapema ishara ya siri, mguso mdogo begani, au maneno kama, "Mwanangu, njoo unisaidie karanga hizi," ambayo wengine wakiyasikia hawatambui kitu. Mume aliyegundua baada ya ndoa kuwa mkewe ana pengo chini ya kilemba, na anayedhani alidanganywa, ajue kuwa huyo mke amekuwa akiamka kabla yake kila alfajiri ili asionekane, na kwamba neno lake la kwanza juu ya jambo hili litakumbukwa miaka mingi. Wote wajue pia kuwa maradhi haya hurudi. Mtu hukaa miezi minane kichwa kimejaa, kisha pamba ikakosa bei, au mtihani ukakaribia, au mtoto akaugua, na kwa usiku mmoja pengo likafunguka. Hilo ni jambo la kutarajiwa katika tiba, na dawa yake ni kulichukua tena lile daftari kesho yake asubuhi.

Mlango wa kuingilia ni zahanati, na kutoka zahanati njia iko hadi hospitali ya wilaya, na ya mkoa Shinyanga, na kwa wenye kuhitaji wataalamu wa akili, Bugando kule Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na ina historia ndefu ya hospitali kama Mirembe ya Dodoma, iliyoanza mwaka 1927. Lakini jina la Mirembe lenyewe limekuwa la kutishia watu, na mtu anayejing'oa nywele, ambaye akili zake ni timamu kama zangu na zako, huogopa kuwa akitaja habari zake ndiko atakakopelekwa. Haendi huko. Anachohitaji ni ofisa tabibu au muuguzi aliyefunzwa zile hatua za mkono, na zinafundishika kwa siku chache. Ofisa huyo akiletewa mtoto mwenye pengo amwombe mama, kwa adabu, angojee nje kidogo, aangalie magamba, aangalie nyusi na kope na kucha, apapase tumbo, aulize bila kukunja uso, "Je, wakati mwingine mkono wako huzing'oa?" na akijibiwa ndiyo, aulize la pili, kama nywele hizo huzimeza. Amweleze kuwa maradhi haya yana jina na yana wenyewe wengi, amwonyeshe jinsi ya kukunja ngumi na kuhesabu, ampe karatasi ya kuandikia saa na mahali, amwite mama aingie waafikiane juu ya ishara, kisha awaandikie tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili.